Lenzi za Kale kwenye Kamera za Fomati Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye lenzi ya shaba mkononi na kamera ya inchi 4×5, 5×7 au 8×10 mezani, asiyejua vitu hivyo viwili vitakutana vipi. Lenzi zinazozungumziwa ni za kuanzia 1839 hadi karibu na Vita ya Kwanza ya Dunia. Nyingi hazina shata (kilango kinachofunguka na kujifunga kwa muda uliopimwa), nyingine hazina hata tundu la kurekebisha kiasi cha mwanga unaopita, na karibu zote zina thredi ambazo kamera ya leo haizijui. Maswali yamefuata mwendo wa kazi yenyewe: kwanza kuitambua, halafu kuifunga, halafu kupiga picha.

Nimepata lenzi ya shaba isiyo na jina. Nianzie wapi?

Anzia kwenye vioo. Mwili hubadilishwa, hupakwa rangi, hata huchongwa jina jipya. Mpangilio wa vioo ndani ni vigumu kuughushi. Tena kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana, maana lenzi nyingi za karne ya 19 zinaangukia katika familia tatu.

Ya kwanza ni lenzi ya mandhari: kundi moja tu la vioo vilivyogandishwa pamoja, na tundu dogo mbele yake. Charles Chevalier wa Paris alitengeneza ya namna hii kwa kamera za Daguerre mwaka 1839. Ni lenzi zenye giza, f/15 hivi (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo).

Ya pili ni ile aliyoipigia hesabu Joseph Petzval huko Vienna mwaka 1840, ikatengenezwa na Voigtländer. Ina vioo vinne na uwazi wa karibu f/3.6. Hii ndiyo iliyowezesha kupiga picha ya mtu bila kumkalisha kwenye kiti dakika nzima, na ndiyo inayotafutwa zaidi leo.

Ya tatu ilitoka mwaka 1866 mara mbili: Dallmeyer wa London aliiita Rapid Rectilinear na Steinheil wa Munich akaiita Aplanat. Ni makundi mawili yanayofanana, yakitazamana, tundu likiwa katikati, na kwa kawaida ni f/8. Viwanda vingine viliiga kwa majina yao. Euryscop ya Voigtländer ni ndugu wa ukoo huo.

Kuanzia 1890 zinaingia anastigmati, lenzi zilizorekebishwa ili ukali ufike hadi pembezoni: Protar ya Zeiss mwaka 1890, Dagor ya Goerz mwaka 1892, Cooke Triplet mwaka 1893, Tessar mwaka 1902. Hizi mara nyingi zina jina, kwa hiyo shida yake ni ndogo.

Jina lililochongwa kwenye shaba si ndilo la mtengenezaji?

Si lazima. Maduka ya vifaa vya picha yalinunua lenzi kwa jumla na kuchonga majina yao wenyewe. Ukiona jina la duka na mji, una jina la muuzaji. Kwenye lenzi za Kifaransa ukitoa kioo cha mbele unaweza kukuta maandishi ya penseli ukingoni mwake, na hapo ndipo majina ya watengenezaji kama Darlot au Jamin hujitokeza wakati nje hamna kitu. Usiyafute.

Namba nazo zisome vizuri. «8½ × 6½» ni ukubwa wa sahani ya kioo kwa inchi ambao lenzi ilikusudiwa kuufunika, wala si urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi filamu ikilenga kitu cha mbali). Kwenye lenzi za picha za watu za Dallmeyer, herufi inataja uwazi: B ni karibu f/3, A ni f/4, D ni f/6. Kwa hiyo 3B ni ya saizi ya 3 katika kundi la f/3.

Nitajuaje vioo viko vingapi bila kuifungua?

Kwa tochi ya simu, ndani ya chumba chenye giza. Shika lenzi kwa mkono mmoja, iangaze kwa pembe kidogo kutoka mbele, kisha tazama mimweko ya tochi ndani yake. Kila uso wa kioo unaogusana na hewa unatoa mmweko mmoja mkali. Kila mahali ambapo vioo viwili vimegandishwa kwa gundi panatoa mmweko mmoja hafifu, wakati mwingine mdogo kiasi kwamba utauona tu ukitikisa tochi na kitone kikatikisika nacho.

Hesabu kundi la mbele peke yake, kisha geuza uhesabu la nyuma. Ikiwezekana fungua kundi moja ulitoe kwenye mwili. Thredi hizo zimewekwa zifunguliwe kwa mkono. Matokeo yasome hivi:

Mikali miwili na hafifu mmoja, mbele na nyuma sawa: Rapid Rectilinear.

Mikali miwili na hafifu mmoja mbele, lakini mikali minne nyuma: Petzval.

Mikali miwili na hafifu miwili kila upande: Dagor au mwenzake. Hiyo mimweko hafifu miwili huwa imekaribiana sana, basi usiwe na haraka.

Mikali minne mbele, mikali miwili na hafifu mmoja nyuma: Tessar.

Tazama na rangi. Mipako ya kupunguza mwakisiko ilianza na kazi ya Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935. Mimweko ikiwa ya samawati au zambarau, lenzi ni ya baada ya hapo au imepakwa baadaye. Lenzi ya kale halisi inamweka mweupe.

Muuzaji anasema ni lenzi ya picha za watu. Mbona haina mahali pa kurekebisha tundu?

Huenda ni lenzi ya projekta ya zamani, zile taa za kuonyeshea picha za kioo ukutani. Nazo zilitumia hesabu ya Petzval, zina shaba nzuri na gurudumu la kusogezea fokasi, ndiyo maana zinachanganywa. Dalili zake ni kukosa mpasuko juu ya mwili (wa kuchomekea visahani vyenye matundu), kukosa namba ya mfululizo, na mara nyingi kuwa fupi, inchi 4 hadi 6 za fokasi. Si takataka, inapiga picha vizuri kabisa kwenye filamu ndogo. Lakini usilipie bei ya Voigtländer.

Angalizo moja: lenzi za Petzval za miaka ya 1840 na 1850 nazo hazina mpasuko, kwa sababu John Waterhouse alileta wazo la visahani vya matundu mwaka 1858. Zile za awali zilitumia pete za kuweka mbele ya kioo. Kwa hiyo kukosa mpasuko peke yake hakutoshi kutoa hukumu.

Huo mpasuko ni wa nini, na visahani vyake vimepotea, nifanyeje?

Ni wa kuchomeka visahani vya Waterhouse, kila kimoja na tundu lake. Vimepotea kwenye lenzi nyingi kuliko zilizobaki navyo. Kata vipya kwa kadi nyeusi ngumu au bati jembamba lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kipenyo cha tundu ni urefu wa fokasi gawanya kwa namba ya f: lenzi ya milimita 300 kwa f/8 inataka tundu la milimita 37.5. Kwa kuwa kioo cha mbele hukuza tundu lililo nyuma yake, uwazi halisi utakuwa mkubwa kidogo kuliko hesabu. Kwa filamu nyeusi na nyeupe tofauti hiyo haikusumbui.

Usipochomeka kitu, ziba mpasuko kwa utepe mweusi. Mwanga wa jua unaoingia hapo unatosha kuharibu filamu.

Namba za tundu ni 4, 8, 16, 32, 64 na hazilingani na f. Nisomeje?

Huo ni mfumo wa US (Uniform System, si Marekani), uliopangwa mwaka 1881 na chama cha picha cha Uingereza ambacho baadaye kiliitwa Royal Photographic Society. Kila namba inayoongezeka mara mbili inapunguza mwanga nusu. US 4 ni f/8, US 8 ni f/11, US 16 ni f/16, US 32 ni f/22, US 64 ni f/32. Zinakutana kwenye 16 tu. Utaziona sana kwenye Rectilinear za Marekani, hasa za Bausch & Lomb zilizofungwa kwenye kamera za Kodak.

Nipimeje urefu wa fokasi?

Weka rula mbele ya kamera, sogeza kamera na mvukuto (ile sehemu inayokunjamana kati ya lenzi na filamu) mpaka sentimita moja ya rula iwe sentimita moja kamili kwenye kioo cha kufokasi. Pima kutoka rula hadi kioo, gawanya kwa nne. Ukipata milimita 960, lenzi ni ya milimita 240 hivi. Tatizo ni kwamba mvukuto lazima ufike mara mbili ya fokasi, yaani 480 kwa mfano huo, na kamera nyingi za 4×5 hazifiki. Hapo tumia njia ya haraka: lenga kitu cha mbali, mnara au mti wa upande wa pili wa bonde, kisha pima kutoka katikati ya lenzi hadi kioo. Kwa Rectilinear inakaribia ukweli. Kwa Petzval ichukulie kama makadirio.

Uwazi mkubwa wa tundu unapatikana kwa kusimama hatua kadhaa mbele ya lenzi, rula ikiwa imewekwa kwenye ukingo wake, na kusoma kipenyo cha duara la mwanga unaloliona. Gawanya fokasi kwa kipenyo hicho.

Itafunika filamu yangu?

Ulalo (kona hadi kona) wa filamu ya 4×5 ni karibu milimita 153, wa 5×7 ni 210, wa 8×10 ni 312. Rectilinear yenye fokasi inayolingana na ulalo itakufaa, hasa ukifunga tundu. Petzval ni habari nyingine: ukali wake uko katikati tu, kingo zinalainika upesi. Ukitaka uso mzima wa 4×5 uwe mzuri, tafuta milimita 200 au zaidi.

Lenzi haina flanji. Nitaifunga vipi kwenye ubao?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa sababu flanji, ile pete yenye thredi ndani na matundu ya skrubu, ilibaki kwenye ubao wa kamera ya zamani wakati lenzi iliuzwa peke yake.

Njia bora ni kukerezewa flanji mpya. Dar es Salaam mafundi wa lethi wako Gerezani, Nairobi wako Kariobangi Light Industries, na mji wowote wenye magari una angalau mmoja. Kwa fundi anayekereza bushi za lori kila siku, pete ya alumini yenye thredi ni kazi ya asubuhi moja. Kinachomshinda ni maelezo mabovu, kwa hiyo nenda na lenzi yenyewe, si kipimo kwenye karatasi. Toa vioo kwanza, viache nyumbani, na kabla ya kuvitoa andika kwa penseli kwenye pete zake «mbele» na «nyuma». Mwambie thredi za lenzi za Kiingereza huhesabiwa kwa inchi, na 24 kwa inchi ni hesabu utakayokutana nayo mara nyingi. Za Kifaransa na Kijerumani zipimwe kwa geji bila kukisia. Mwombe ajaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki ngumu. Pete ikiingia nusu mzunguko ikakwama, asilazimishe: shaba ya kale ni laini, na thredi ikishaliwa hairudi.

Flanji ya unene wa milimita 5 au 6 inatosha. Muhimu ni thredi tatu au nne zishike kwa uhakika.

Huna fundi au huna bajeti? Kata vipande viwili vya plaiwudi vyenye tundu la kipenyo cha mwili wa lenzi, vigandishe pamoja, kisha kata ufa mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye tundu na upitishe bolti ya kuubana. Ndani ya tundu gandisha kitambaa cha mahameli cheusi. Lenzi inaingia, bolti inakazwa, basi. Si ya kupendeza lakini inashika, na haiachi alama kwenye shaba.

Kuna pia vishikilio vya airisi, vyenye majani ya chuma yanayofumba kuizunguka lenzi ya saizi yoyote. Ni vizuri kwa mwenye lenzi nyingi, ila ni vizito na bei yake inauma. Flanji ya printa ya 3D inafaa kwa lenzi nyepesi. Jihadhari tu na plastiki ya PLA, inalegea ikifika nyuzijoto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani Mombasa halihitaji muda mrefu kufika huko.

Gundi ya epoksi sikubaliani nayo hata kidogo. Wala kusaga thredi ya asili ili iingie kwenye pete uliyonayo. Lenzi imekaa miaka 150 ikisubiri. Inaweza kusubiri fundi wiki moja.

Ubao wa lenzi uweje?

Pima ule wa kamera yako. Sinar ni milimita 140 kwa 140, Linhof Technika ni karibu 96 kwa 99. Ubao wa kisasa ni mwembamba, na flanji ya kale yenye skrubu za mbao inataka unene. Suluhisho ni plaiwudi ya milimita 6 au zaidi iliyochongwa kingo ziwe nyembamba zinapoingia kwenye kamera. Mgongo wake upake rangi nyeusi isiyong'aa, na nyuma ya flanji weka pete ya kitambaa cheusi kuzuia mwanga kupenya.

Lenzi ni nzito. Kamera itaibeba?

Petzval ya 8×10 ina kilo kadhaa, na kamera nyepesi za mbao za safari hazikuundwa kwa hilo. Ukiona ubao wa mbele unainama ukiachia mkono, weka kigogo cha mbao chini ya mwili wa lenzi kikiegemea reli ya kamera. Au tumia kamera ya studio.

Lenzi imetoka pwani na ina utando ndani. Imekufa?

Inategemea ni utando gani. Studio za picha zilikuwapo Zanzibar tangu karne ya 19, zile za Gomes na Coutinho zikiwa maarufu, kwa hiyo lenzi ya shaba kukutwa Mji Mkongwe si ajabu. Ajabu ni ikikutwa safi. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Ukiiwahi inafutika kwa pamba na maji yenye tone la sabuni. Ikichelewa inakuwa imeshakula uso wa kioo. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye silika jeli.

Madoa yanayong'aa rangi za upinde wa mvua, au umanjano kati ya vioo, ni gundi ya balisamu ya Kanada inayoachia. Pembeni haina neno. Ikienea katikati inapunguza ukali, na kuigandisha upya ni kazi ya mtu aliyekwisha kuifanya. Mikwaruzo midogo isikunyime usingizi, haionekani kwenye picha.

Shaba yenyewe usiisugue kwa Brasso. Ile rangi ya asali ni laka ya kiwandani, na ikitoka maandishi yaliyochongwa huanza kufifia nayo.

Picha haina ukali hata katikati. Nimefunga vibaya?

Kwenye Petzval, shuku kundi la nyuma. Vioo vyake viwili vimetenganishwa kwa pete tu, na mtu aliyewahi kuvisafisha anaweza kuwa alivirudisha kinyume. Mpangilio wa asili ni huu: kile chembamba katikati kinakaa upande wa mbele, kisha pete, kisha kile kinene katikati kinakaa nyuma kabisa, karibu na filamu. Isipokuwa kwenye Dallmeyer za hati ya uvumbuzi (hataza) ya 1866, ambazo ziligeuza mpangilio huo kwa makusudi. Hizo kundi la nyuma likilegezwa kidogo kwenye thredi yake, picha inalainika. Kabla ya kuitangaza kuwa mbovu, hakikisha aliyekutangulia hakuiacha imelegezwa.

Haina shata. Nitapigaje picha?

Kwa kifuniko, kama walivyofanya wao, mradi muda uwe sekunde moja au zaidi. Kivulini mchana, filamu ya ISO 100 kwa f/4 inataka karibu 1/250 ya sekunde, jambo lisilowezekana kwa mkono. Funga hadi f/16 unafika 1/15. Ongeza filta ya kijivu ya stopu nne (kila stopu hupunguza mwanga nusu), unapata sekunde moja. Au weka karatasi ya chumba cha giza badala ya filamu: ISO yake ni karibu 6, na kwa f/16 kivulini unapata sekunde moja bila filta.

Ukitaka kasi, shata ya Packard inayosukumwa kwa mpira wa hewa inakaa nyuma ya ubao na inatoa kama 1/25. Kamera ya Speed Graphic ina pazia la shata mbele ya filamu, hadi 1/1000, kwa hiyo inapokea lenzi yoyote inayoingia kwenye ubao wake. Kwa watu wengi huo ndio mlango rahisi zaidi.

Usisahau mvukuto: lenzi ya milimita 300 ikilenga uso ulio mita 2 mbele inasogea hadi karibu milimita 353, na hapo umepoteza kama nusu stopu.

Nimefunga Petzval lakini mandharinyuma hayazunguki kama kwenye picha za wengine. Kwa nini?

Lenzi yako ni ndefu mno kwa filamu yako. Mzunguko ule, ukungu wa mandharinyuma unaoonekana kama kimbunga kumzunguka mtu, unatokea pembezoni mwa duara la picha, na Petzval ya milimita 300 kwenye 4×5 inatumia katikati tu, sehemu ambayo imetulia. Kwa 4×5 jaribu fokasi ya milimita 150 hadi 180, tundu wazi kabisa. Msimamishe mtu karibu, na nyuma yake kuwe na majani yanayopitisha vidoa vya jua, mbali mara tatu au nne ya umbali wake na kamera. Ukuta mtupu hauzungushi kitu.